Brashi ya waya ibaki nyumbani: kuhusu kuyaokoa mawe ya makaburi ya wazee

Swali: "Nimeyapata makaburi ya babu na bibi yangu wazaa baba katika makaburi ya zamani ambayo hayajafyekwa kwa miaka mingi. Jiwe la bibi ni la marumaru nyeupe, limeinama kidogo mbele, limejaa madoa meusi na ya kijani, na herufi zinasomeka kwa shida. La babu limevunjika vipande viwili na kipande cha juu kimelala kwenye nyasi. Inaonekana zamani mtu aliliunga kwa saruji na nondo, kwani saruji bado imeganda pale na nondo imechomoza. Katikati yao kuna jiwe dogo lililozama ardhini, naona ncha tu, na sijui ni la nani. Nimewakusanya ndugu, tunakwenda mwisho wa mwezi na dawa ya klorini ya kufulia, brashi za waya, mashine ya kuoshea magari, saruji, na rangi nyeusi ya kupaka kwenye herufi. Fundi mmoja ametushauri tupige msasa ili marumaru irudi kuwa mpya, kisha tupake vanishi isishike uchafu tena. Je, tuko sawa? Tuanzie wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, pongezi kwa kuyatafuta makaburi ya wazee wako mpaka ukayapata, na kwa kuweza kuwakusanya ndugu kwa kazi ya namna hii. Naelewa kinachowasukuma. Mtu akimkuta bibi yake kafunikwa na weusi, jina halisomeki, anajisikia kama ukoo mzima umemtupa, na anatamani weusi ule uondoke siku hiyohiyo. Lakini nakuomba subira, kwa sababu karibu kila kitu mlichopanga kubeba kingeyadhuru mawe hayo, na dhara lenyewe halirudishiki. Nitaeleza kwa kirefu kidogo ili uweze kuzungumza na ndugu zako na yule fundi ukiwa na sababu mkononi.

Kwanza tuliondoe wazo kwamba doa ndilo ugonjwa. Mawe mengi ninayoitwa kuyatazama yamevumilia mvua na jua kwa miaka mingi, kisha yakaharibiwa mchana mmoja na watu waliokuja kuyasafisha kwa upendo. Doa la kijani ni mwani mdogo unaopenda unyevu. Yale madoa ya mviringo, ya kijivu, ya manjano au meusi, yaliyoshikamana na jiwe kama yamegandishwa kwa gundi, ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Kweli wanalila jiwe, maana hutoa asidi hafifu na kupenyeza nyuzi zao ndani yake, ila mwendo wao ni wa polepole mno. Aina nyingine hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Wanasayansi hupima upana wa kuvumwani kwenye mawe ya makaburi yenye tarehe, wakishajua kasi ya ukuaji wake wanaitumia kukadiria umri wa miamba isiyo na tarehe yoyote. Kiumbe wa mwendo huo hawezi kuwalazimisha mfanye haraka mwisho wa mwezi huu.

Sasa marumaru yenyewe. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka likawa fuwele za kalisaiti zilizobanana, na ndiyo maana jiwe jipya hung'aa. Fuwele hizo zina maadui wawili. Wa kwanza ni asidi. Mvua, hata iliyo safi, ina asidi kidogo, pH ya takriban 5.6, kwa kuwa inachukua kaboni dioksidi njiani ikishuka. Penye moshi wa viwanda na magari inabeba salfa pia, na salfa huugeuza uso wa marumaru kuwa jasi, ambayo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi sana kuliko marumaru. Adui wa pili ni joto, na huyu watu wengi hawamfahamu. Fuwele ya kalisaiti ikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa kidogo upande mwingine. Kwa kuwa zimebanana na kila moja imelala kivyake, jua la mchana na baridi ya usiku huzifanya zisukumane na kuvutana, siku baada ya siku, mpaka zinaanza kuachiana. Mwaka 1880 mwanajiolojia Archibald Geikie wa Uskoti alichapisha uchunguzi wake wa mawe ya makaburi ya Edinburgh. Alitumia hila rahisi: kila jiwe limeandikwa tarehe, kwa hiyo ukitazama limechakaa kiasi gani unajua limechakaa kwa miaka mingapi. Akaona kwamba katika hewa ya mji ule, karne moja ilitosha kuyafuta maandishi ya marumaru.

Kwa hiyo siku mtakapofika, kabla ya lolote, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa jiwe la bibi, mahali pasipo na maandishi, kisha kitazame. Ukiona punje zinazometameta kama sukari, jiwe hilo lisiguswe na brashi ya aina yoyote. Lipigeni picha, liacheni, tafuteni mtaalamu. Kidole kikitoka kikavu na kisafi, au na vumbi la kawaida tu, kuna kazi mnayoweza kuifanya wenyewe.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili. Jiwe la kwanza la marumaru nililokabidhiwa nikiwa mwanafunzi wa kazi hii lilikuwa na ua lililochongwa juu ya jina la marehemu. Nilikuwa na brashi ya nailoni, ngumu kidogo kuliko inavyopasa. Nikasugua mara tano au sita, na maji yakatiririka meupe kama maziwa. Nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Lakini uchafu wa jiwe lile ulikuwa mweusi. Ule weupe uliokuwa unashuka mpaka kwenye viatu vyangu ulikuwa marumaru yenyewe, na nilipoinua macho, ncha ya petali moja haikuwepo tena. Aliyeichonga alikuwa amekwisha kufa zamani. Hapakuwa na wa kumwomba airudishe.

Ukilielewa hilo, brashi ya waya na msasa vinajieleza vyenyewe. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kalisaiti ina 3 tu, na chuma cha waya ni kigumu zaidi ya hapo. Waya unalichimba jiwe kama ukucha unavyochimba sabuni iliyolowa. Zaidi ya hapo unaacha vipande vidogo vya chuma kwenye mikwaruzo, na mvua ikinyesha vinashika kutu na kuacha madoa ya rangi ya chai ambayo ni magumu kuyatoa kuliko madoa mliyoyakuta. Msasa ni balaa zaidi. Herufi za jiwe la zamani huenda zimebakiwa na kina cha milimita mbili au tatu, na kulifanya jiwe "liwe jipya" maana yake ni kuishusha ngozi yake mpaka karibu na sakafu ya herufi hizo. Simlaumu fundi wenu. Kwa meza ya marumaru ushauri wake ni sahihi kabisa, ila meza haina jina la mtu. Mashine ya kuoshea magari nayo inaelekea hukohuko: maji ya nguvu huingia kwenye nyufa zisizoonekana na kung'oa punje zilizoanza kulegea. Jiwe linaweza kuonekana jeupe ajabu jioni ile, kwa sababu limechunwa.

Dawa ya klorini inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ukiimwaga, doa la kijani linapotea mbele ya macho yako. Lakini jiwe lina vinyweleo, na linainywa dawa ile. Maji yakikauka, chumvi zilizokuwemo hubaki ndani. Kila mvua inaziyeyusha, kila jua linazigandisha upya kuwa fuwele, na fuwele ya chumvi inapokua ndani ya kitundu chembamba husukuma kuta zake kwa nguvu ya kutosha kulibomoa jiwe. Utaona baada ya miezi au miaka: unga mweupe juu, kisha ngozi ya jiwe inaanza kuchubuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wakati huo hakuna anayekumbuka ile siku ya klorini. Sabuni za unga za kufulia, siki, ndimu na dawa za kusafishia vyoo ziacheni pia. Zile zenye chumvi hufanya kazi hiyohiyo, na zenye asidi huyeyusha marumaru moja kwa moja.

Vanishi inadhuru kwa njia tofauti. Jiwe lililosimama ardhini hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa usoni. Mkiufunga uso kwa vanishi, maji yanaendelea kupanda lakini yanakosa pa kutokea, yanajikusanya nyuma ya ile ngozi pamoja na chumvi za udongoni, na siku moja uso unabanduka mzima pamoja na herufi. Jiwe la zamani liachwe lipumue.

Basi mfanyeje? Siku ya kwanza msibebe hata ndoo. Bebeni simu zenye kamera, daftari, futi kamba na kioo cha kujitazamia, kikubwa mtakavyopata. Pigeni picha kila jiwe mbele, nyuma na ubavuni, kisha picha ya mbali inayoonyesha lilivyokaa kati ya mengine. Pimeni urefu, upana na unene. Chora ramani, hata kama mkono wako si wa mchoraji. Nakilini maandishi mstari kwa mstari kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na pasiposomeka wekeni nukta badala ya kubahatisha. Hii ndiyo kazi yenye haraka kuliko zote, kwa sababu jiwe linaweza kuanguka kesho, ila jina lililokwisha kuandikwa na kupigwa picha halipotei nalo.

Kuhusu herufi zinazosomeka kwa shida, wengine watawaambia mpake chaki, unga wa ngano au povu la kunyolea ndevu ili zijitokeze. Msikubali. Unga ni chakula cha kuvu, povu lina asidi za mafuta zinazoingia kwenye vinyweleo, na chaki hukwaruza na kubaki. Kioo kinatosha. Mmoja asimame pembeni, aushike mwanga wa jua kwa kioo na kuutupa juu ya uso wa jiwe kwa mshazari mkali, karibu sambamba na uso wenyewe. Kila herufi, hata iliyobaki na kina cha unywele, itaangusha kivuli. Mzungusheni mwenye kioo kulia, kushoto, juu, na mpige picha kila mahali anapotua, kwa sababu mstari uliofichika upande huu hujitokeza upande ule. Tochi baada ya jua kuzama hufanya kazi vizuri pia. Nimewahi kufanya kazi na wajukuu wa marehemu mmoja waliosema jiwe lao halina kitu, na mwanga ulipolala tu wakasoma jina, mwaka na mstari mzima wa dua. Huenda jiwe la bibi yako likasomeka bila kuoshwa hata kidogo.

Mkiisha kuhakikisha kwamba marumaru haidondoshi sukari, haina nyufa, na haitoi sauti tupu mkiigonga taratibu kwa kifundo cha kidole, mnaweza kuiosha. Tumieni maji safi mengi, brashi ya nywele laini, ile ambayo ungekubali kumsugulia mtoto mgongo, na vijiti vya mbao laini au mianzi vya kuchokoa ndani ya herufi. Lilowesheni jiwe lote kwanza, ili jiwe linywe maji safi kabla ya kuonja uchafu. Anzieni chini mkipanda juu, kwa miduara midogo, mkisuuza kila mnapopita. Mkianzia juu, maji machafu yatashuka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi inayonata. Maji yakianza kuwa meupe, acheni papo hapo. Kuvumwani kavu isibanduliwe kwa nguvu, kwa sababu nyuzi zake zimeshika punje za jiwe na itaondoka nazo. Ilowesheni mpaka ilainike, na isiyotoka kwa kijiti msigombane nayo.

Kwa madoa yanayobaki kuna dawa za kuua mwani na kuvu za kundi la amonia kwatenari, zisizo na klorini, asidi wala chumvi, zilizotengenezwa kwa ajili ya mawe. Iitwayo D/2 ni mojawapo, nayo ilijaribiwa kwa miaka kadhaa na kituo cha taifa cha mafunzo na teknolojia ya uhifadhi cha Marekani, nchi ambayo serikali yake ina mzigo wa kutunza mawe ya marumaru ya wanajeshi kwa idadi kubwa mno. Hunyunyizwa, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chombo, kisha jiwe huoshwa taratibu. Jambo la kulifahamu mapema ni kwamba matokeo yake si ya siku ile. Doa linaweza kugeuka rangi ya machungwa au kahawia na kuwatia hofu, kisha likafifia lenyewe kwa wiki na miezi, mvua ikiimalizia kazi. Msipoipata dawa ya namna hiyo, maji peke yake yanatosha. Na kuosha kusiwe kwa kila mwaka. Kila uoshaji, hata ulio mwema, huondoa kitu.

Ile ngozi nyeusi ngumu, inayokaa chini ya maumbo yaliyochongwa au mahali mvua isipofika, ni kitu kingine. Hiyo ni jasi iliyomeza moshi. Iachieni mtaalamu, kwa sababu chini yake mara nyingi marumaru imeshakuwa unga, na ngozi hiyo ndiyo inayoushikilia.

Tuje kwa babu. Jiwe lake ni somo zima juu ya saruji na chuma. Chuma kikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na ikiwa imefungiwa ndani ya jiwe, jiwe ndilo linalopasuka. Yaliwapata hata wenye kazi kubwa kuliko zetu. Katika hekalu la Parthenon huko Athens, mhandisi Nikolaos Balanos aliunga vipande vya marumaru kwa vyuma mwanzoni mwa karne ya 20. Wajenzi wa kale nao walikuwa wametumia vyuma, lakini walivimiminia risasi iliyoyeyushwa ili maji yasivifikie. Vya Balanos vilikosa kinga hiyo. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka elfu mbili. Tangu mwaka 1975 kuna kamati maalumu ya kuhifadhi majengo ya Acropolis, kilima ambacho hekalu hilo limesimama juu yake, na sehemu kubwa ya kazi imekuwa kuvitoa vyuma vile na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, mahali pake.

Saruji nayo, ile ya Portland ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, ni nzuri kwa nguzo na madaraja, lakini kwa jiwe laini la zamani ni ngumu kupita kiasi. Kiungo kinapaswa kuwa dhaifu kuliko kinachoungwa, ili panapotokea msukumo kiungo ndicho kipasuke, kisha kifanywe upya. Saruji hugeuza mambo: yenyewe inabaki nzima, jiwe linavunjika kando yake. Tena haipitishi maji vizuri, hivyo unyevu wote unalazimika kupitia kwenye jiwe. Mafundi wa zamani walitumia chokaa iliyozimwa na kuchanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja kwa tatu. Chokaa hukauka polepole ikiivuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa kama jiwe lililochomwa kuitengeneza. Ni laini, inapitisha unyevu, na inakubali kufa badala ya jiwe.

Hata hivyo, nakusihi msiibomoe ile saruji ya zamani. Kila pigo la tindo husafiri mpaka kwenye jiwe, na saruji ikibanduka huondoka na kipande cha jiwe. Kuitoa ni kazi ya mtaalamu, na mara nyingine hata yeye ataamua kuiacha. Kazi yenu ni kukilinda kipande kilicholala. Kama kimelala kifudifudi, herufi zinakaa kwenye unyevu wa udongo, kwa hiyo kinahitaji kugeuzwa, lakini kwanza pigeni hesabu ya uzito. Marumaru ina takriban kilo 2,700 kwa kila mita ya ujazo. Jiwe la urefu wa mita moja, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 10 lina kilo 135. Mawe ya makaburi yamewahi kuwaua watoto waliokuwa wakicheza tu karibu yake, kwa hiyo wadogo wasikaribie kabisa, na la bibi lililoinama lisishikwe wala kuegemewa. Kipande mnachoweza kukimudu kigeuzeni watu wanne wenye glavu, mkikilaza juu ya kitanda cha kokoto au vipande viwili vya mbao, kiinuke kidogo upande wa kichwa ili maji yasituame kwenye herufi. Kikae palepale kwenye kaburi lake. Najua kuna atakayependekeza kipelekwe nyumbani kwa usalama. Nimeona vipande vilivyochukuliwa hivyo, na aliyevichukua alipofariki, waliobaki hawakujua ni vya kaburi gani.

Baada ya hapo mna njia tatu, na hakuna inayokosa ubaya wake. Mnaweza kukiacha kipande kilale hivyohivyo, jambo linaloumiza macho lakini haliharibu kitu kwa haraka. Mnaweza kumpata mhifadhi akiunge kwa vyuma visivyoshika kutu au fito za nyuzi za kioo na gundi inayofaa, na hiyo ni kazi ya gharama inayohitaji kutoboa matundu kwenye jiwe la babu yako, kwa hiyo mwulizeni bila aibu ameshaunga mangapi na yakoje leo. Au mnaweza kuweka kibao kipya pembeni chenye maandishi yote ya zamani, mkaliacha jiwe la asili lizeeke kwa amani. Kama familia ingekuwa yangu ningeanza na hii ya tatu, kwa kuwa haifungi mlango wa zile nyingine.

Jiwe la bibi kuinama kidogo siyo dharura kama halitikisiki. Likitikisika, au likiinama zaidi kila msimu, linahitaji kusimamishwa upya na mtu mwenye vifaa vya kuinulia. Akija, hakikisheni analipandisha kwenye kokoto na mchanga ulioshindiliwa, asilimwagie zege shingoni. Zege hulibana jiwe lisicheze, na siku ardhi ikisogea linakatika usawa wa zege.

Rangi nyeusi kwenye herufi: hapana. Mkono wa mpakaji hufuata anachodhani anakiona, na nimeona 3 ikifanywa 8, na marehemu akapunguziwa miaka mitano ya maisha kwa brashi ya dakika moja. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa nchi nyingi wanaufuata, unataka ukarabati ukome pale ambapo kukisia kunaanza. Vivyo hivyo msimwajiri mtu kuchonga upya herufi zilizofifia.

Nyasi fyekeni kwa mkono mnapokaribia jiwe, kwa sababu ile mashine ya uzi wa nailoni huacha makovu kwenye marumaru kila inapogusa. Mti uliokua ukikumbatia jiwe using'olewe. Ukateni juu ya ardhi, mizizi ioze polepole mahali ilipo. Dawa za kuua magugu zikae mbali na mawe, nyingi zina chumvi. Na kabla ya yote haya, pateni ruhusa ya wanaomiliki au kusimamia makaburi hayo, kwa maandishi. Nchi nyingi zinayalinda makaburi ya umri fulani kwa sheria ya mambo ya kale, na familia haisamehewi kwa kuwa ni familia.

Mwiteni mtaalamu ana kwa ana kama marumaru inadondosha sukari, kama jiwe lina tabaka zinazofunuka kama kurasa, kama kuna nyufa zinazopita kwenye maandishi, kama kuna ngozi nyeusi ngumu, na kwa lolote linalohusu kuunga, kutoboa au kuinua. Majumba ya makumbusho na idara za mambo ya kale huwa na watu wanaowajua wahifadhi wa mawe. Fundi mwashi mzuri anaweza kuwa msaidizi bora, ila awe chini ya anayejua chokaa.

Limebaki lile jiwe dogo katikati. Msilivute kwa ncha. Jiwe lililozama mara nyingi ni refu kuliko linavyoonekana na linaweza kuwa limeshapasuka chini. Huenda ni jiwe la miguuni la mojawapo ya makaburi hayo mawili, ambalo kwa desturi ya wachongaji wengi hubeba herufi za mwanzo za jina tu. Huenda pia ni la mtoto. Jema lililopo ni kwamba udongo umelikinga na mvua, kwa hiyo sehemu iliyozikwa yaweza kuwa na maandishi makali kuliko ya bibi. Chagueni asubuhi yenye mawingu, au mtu ashike mwavuli kulitia kivuli, kwa sababu jiwe lililozoea unyevu likikauka ghafla juani linaweza kuchubuka. Ondoeni udongo kwa mikono na kijiti cha mbao, kidogo kidogo, upande wa mbele, bila kuulegeza ule wa nyuma unaolishika. Ikitokea herufi ya kwanza, simameni mpige picha ikiwa bado ina unyevu, kisha mwite aliye mkubwa kuliko wote kati yenu aje achuchumae hapo. Jina litakalotoka huenda yeye alikwisha kulisikia likitajwa na bibi.